Umri wa Mama, Nguvu ya Yai

Utangulizi

Mtoto wa kwanza wa mdudu na mtoto wake wa mwisho hawalingani, hata kama baba yao ni mmoja, chakula chao ni kimoja na wamezaliwa mahali pamoja. Huyu ataanguliwa, yule ataozea ndani ya yai. Huyu atastahimili njaa kwa siku kadhaa, yule atakufa mapema. Mara nyingi tofauti hiyo huwa imeshaamuliwa kabla yai halijatagwa, na sehemu ya uamuzi hutegemea mama alikuwa na umri gani alipolitengeneza. Kuna tawi zima la sayansi ya wadudu linalochunguza jambo hili, na ndilo ninalokukaribisha leo, ndugu msomaji. Ninakukaribisha nikiwa Chamazi, wilayani Temeke, Dar es Salaam, na huna haja ya kwenda mbali kutafuta vielelezo. Vimejaa hapahapa: kwenye debe la kunde, kwenye tairi lililotupwa nyuma ya gereji, kwenye matuta ya mchicha bondeni.

Tuanze na kunde. Nenda genge lolote kati ya Mbagala Rangi Tatu na Mbande, uulize kunde zilizokaa muda mrefu kwenye gunia. Muuzaji atakwambia zimebunguliwa na atakupa kwa bei ya kutupa. Chukua punje moja uielekeze kwenye mwanga. Juu ya ganda lake utaona vidoa, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini, vimegandamana kana kwamba vimepakwa gundi. Hayo ni mayai ya mdudu wa kunde, ambaye wataalamu humwita Callosobruchus maculatus. Vidoa vingine ni vyeupe pepepe, vingine vinapitisha mwanga. Vile vyeupe vimeshaanguliwa: buu alitoboa chini ya yai, akaingia moja kwa moja ndani ya punje, na unga aliokuwa akiuchimba akausukuma nyuma ukajaza ganda tupu la yai. Vile vinavyopitisha mwanga ama siku zake bado, ama havikurutubishwa, ama vimekufa. Kwa hiyo mtu mwenye lenzi ya mkononi tu anaweza kujua mama fulani ametaga mayai mangapi, na mangapi kati ya hayo yametoa watoto. Ni viumbe wachache sana wanaoacha hesabu ya uzazi wao wazi namna hii.

Mdudu huyu akishatoka ndani ya punje hahitaji kula wala kunywa ili azae. Huishi kiasi cha wiki moja hadi mbili, hutaga mayai mengi zaidi siku za mwanzo, kisha hufa. Mwaka 1993 Charles Fox, mtaalamu wa Kimarekani wa wadudu wa mbegu, alichapisha katika jarida la Oecologia uchunguzi wake kuhusu umri wa mama na ukubwa wa mayai ya mdudu huyu. Alichokuta ni kwamba mayai huzidi kuwa madogo kadiri mama anavyozeeka. Yale ya mwisho huanguliwa kwa uchache zaidi, na watoto wanaotoka humo huchelewa kukua. Na huu ni uzee wa siku chache tu. Mama tunayemwita mzee hapa hajamaliza hata nusu mwezi tangu atoke kwenye punje.

Kwa nini iwe hivyo? Mdudu wa kunde anafanana na mtu aliyestaafu akalipwa kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo, asiwe na pensheni wala biashara. Kila alichonacho alikikusanya akiwa buu ndani ya punje. Akitoa sehemu kubwa kwa yai la leo, la kesho litapata kilichobaki. Hana njia ya kujaza tena. Kuna wadudu wengine ambao huishi kwa kipato cha kila siku: hula, hutengeneza yai, hula tena, hutengeneza jingine. Katika kusoma kwangu fani hii nimeshawishika kwamba tofauti hii ya mapato ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Anayeuliza mdudu ana umri gani ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni kujua vilivyowekwa ndani ya yai vimetoka wapi.

Basi tuangalie kilichomo ndani ya yai lenyewe. Yai la mdudu hutengenezwa ndani ya mirija myembamba iliyopangwa kwenye ovari. Chukua mfano wa mbu: kila yai changa limezungukwa na seli saba walezi, ambazo ni ndugu zake wa tumbo moja, zimegawanyika kutoka seli ileile. Seli hizo hazitakuwa watoto kamwe. Kazi yao ni kumimina ndani ya yai ujumbe wa RNA, protini na mitokondria, vitu ambavyo kiinitete kitavitumia saa zake za kwanza, kabla jeni zake zenyewe hazijaanza kazi. Kwa upande mwingine, tishu ya mafuta iliyomo tumboni mwa mama hutengeneza protini ya kiini, inayoitwa vitelojenini, ambayo husafiri katika damu ya mdudu hadi kwenye yai. Mama akizeeka, kila hatua kati ya hizi inaweza kulegea kwa wakati wake. Tishu ya mafuta inaweza kuishiwa, seli walezi zinaweza kufa kabla ya kumaliza kazi, na seli mama zinazozalisha mayai mapya zinaweza kupungua kasi. Kwa hiyo tukisema yai la mama mzee ni dhaifu, bado hatujasema chochote kuhusu chanzo cha udhaifu huo. Mwanafunzi wa fani hii atatumia miaka yake mingi hapo.

Hapa inabidi niweke tahadhari. Wadudu wengi huendelea kutengeneza mayai mapya maisha yao yote ya utu uzima. Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote tayari, na yai linalopevuka akiwa na miaka 40 limekuwa likisubiri miaka 40. Mifumo hii miwili ni tofauti kabisa. Asitokee mtu akachukua matokeo ya mdudu wa kunde akamsema nayo dada yake au mkewe. Sayansi hii haimpi mtu ruhusa hiyo.

Historia ya fani si ndefu. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Albert Lansing alifuga rotifa, viumbe wadogo mno wa majini ambao si wadudu, akawa anachagua kila kizazi kutoka kwa mama wazee tu. Koo hizo zilidhoofika zikafa baada ya vizazi vichache, ilhali koo zilizotokana na mama vijana ziliendelea. Matokeo hayo yalizua ubishi uliodumu miongo mingi. Mwaka 1991 Timothy Mousseau na Hugh Dingle waliandika mapitio makubwa kuhusu namna mama wa wadudu wanavyoathiri maisha ya watoto wao kwa njia zisizo za jeni, na baada ya hapo kazi ziliongezeka. Inzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, wakawa wanyama wakuu wa maabara kwa swali hili. Mwaka 2001 Kern na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa mayai ya inzi hao kufikia utu uzima hushuka umri wa mama unapopanda. Mwaka uliofuata Priest na wenzake wakaonyesha kwamba umri wa wazazi unaweza kugusa hata urefu wa maisha ya watoto. Kazi za baadaye zimefika hadi kwa bibi: umri wa mama mzaa mama unaweza kuonekana kwa wajukuu.

Lakini mdudu aliyenifundisha zaidi ni wa kwetu, mbung'o.

Mbung'o hatagi mayai. Jike hutengeneza yai moja kwa wakati mmoja, yai huanguliwa tumboni, na buu hukaa humo akinyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi ya mama, maziwa yenye mafuta na protini, na ndani yake bakteria ambao mbung'o hawezi kuzaa bila wao. Kiasi cha kila siku tisa au kumi, jike hutafuta kivuli chenye udongo laini na kumzaa mtoto mmoja. Ukibahatika kuliona tukio hilo kwa karibu hutalisahau: buu mweupe, mnene, uzito wake unakaribia ule wa mama aliyemzaa, ana vinundu viwili vyeusi nyuma vya kupumulia. Hakai juu. Hujichimbia ardhini mara moja, na muda si mrefu ngozi yake hukauka kuwa gamba gumu la kahawia iliyokoza; hapo huitwa pupa. Atakaa humo kiasi cha mwezi, bila kula kitu. Hata akitoka na kuruka, bado anaishi kwa mafuta aliyopewa na mama mpaka apate damu yake ya kwanza. Mafuta hayo yakiisha kabla hajampata ng'ombe, nguruwe pori au mtu, amekwisha. Kwa hiyo ubora wa uzazi wa mbung'o unaweza kupimwa kwa kitu kimoja kilicho wazi: mtoto anastahimili njaa siku ngapi.

Mwaka 2021 jarida la Ecology Letters lilitoa utafiti wa Jennifer Lord, Sinead English na wenzao uliofanywa kwa mbung'o wa maabara wa aina ya Glossina morsitans morsitans. Walifuatilia majike tangu ujana hadi uzee, wengine wakipewa damu ya kutosha na wengine wakinyimwa, na wengine wakicheleweshwa kupandwa. Katika makundi yote uzito wa watoto ulipanda kwanza, ukafika kilele, kisha ukashuka. Mama kijana sana alizaa mtoto mdogo, mama wa makamo akazaa mkubwa, mama mzee akarudi kwenye mdogo. Waliolishwa vibaya waliharibu mimba mara nyingi zaidi, na watoto wao walikufa njaa mapema zaidi. Lakini njaa haikuharakisha uzee wa uzazi, na kuchelewa kuzaa hakukuuchelewesha. Nadharia nyingi zilitarajia kinyume chake, kwamba anayetumika sana huchakaa haraka. Napenda utafiti huu kwa sababu uliwapa watafiti jibu ambalo hawakulitafuta, na wakaliandika jinsi lilivyo.

Sasa linganisha na porini. Mwaka 2018 John Hargrove, Mathias Muzari na Sinead English walichapisha kazi iliyotokana na mbung'o wa bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, katika kituo cha Rekomitjie. Huko ukubwa wa watoto uliongezeka kidogo kadiri umri wa mama ulivyoongezeka. Mama wenye hali nzuri ya mwili, na waliobeba mimba wakati wa baridi, walizaa watoto wakubwa zaidi. Majike wenye mafuta machache walitoa sehemu kubwa zaidi ya kile walichokuwa nacho kwa mtoto. Na wale wenye mbawa zilizochanika kingo kwa uzee walibaki na mafuta kidogo zaidi baada ya kuzaa: ama mbawa mbovu ziliwazuia kufika kwenye damu, ama walikuwa wanatoa vyote kwa sababu nafasi ya kuzaa tena ilikuwa ndogo. Tafsiri zote mbili zinawezekana, na watafiti waliziweka mezani pamoja. Ni fani chache ambamo uchakavu wa ubawa unasomwa kama ukurasa wa maisha ya mama.

Mambo haya si ya kujifurahisha tu. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na aina moja ya mbung'o, Glossina austeni, aliyesababisha ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Kuanzia mwaka 1994 madume waliofanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa. Walikuwa wakizalishwa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o, ambako majike walilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba badala ya ngozi ya mnyama hai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na kuachia madume kukakoma mwishoni mwa 1997. Kiwanda cha namna hiyo kinategemea mama. Uzito wa pupa ni kipimo cha kila siku cha ubora, kwa sababu dume dhaifu akiachiwa hataweza kushindana na dume wa mwituni. Anayesimamia kizimba cha majike lazima ajue ni lini mama wake wako kwenye kilele na ni lini wameanza kushuka. Nayo hesabu ya mbung'o ni ya pekee: kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja mmoja na kwa kuchelewa, vifo vya ziada vya kiasi cha asilimia 4 ya majike kila siku, vikiendelea, vinatosha kuliangamiza kundi zima. Mdudu anayewekeza kiasi hicho kwa mtoto mmoja hana pa kupoteza.

Turudi Dar es Salaam, kwa mbu, kwa sababu hapa Tanzania ina sifa ambayo wengi hawaijui. Huwezi kujua athari ya umri wa mama kama huwezi kujua umri wenyewe, na mbu aliyenaswa haji na cheti cha kuzaliwa. Wanasayansi wa Urusi, Detinova na Polovodova, walibuni njia za kuusoma umri kwenye ovari. Waliozitumia kwa ukamilifu mkubwa ni M. T. Gillies na T. J. Wilkes, katika eneo la Muheza mkoani Tanga, na kazi yao kuhusu Anopheles gambiae na Anopheles funestus ilichapishwa mwaka 1965. Utaratibu ni huu: mbu huwekwa kwenye tone la maji chini ya hadubini, mwisho wa tumbo unavutwa taratibu kwa sindano nyembamba mpaka ovari zitoke, kisha mrija mmojammoja unanyooshwa bila kukatika. Katika shina la mrija huonekana vinundu mithili ya shanga. Kila kinundu ni alama iliyoachwa na yai lililotoka. Mbu asiye na kinundu hajazaa bado. Mwenye vitatu amezaa mara tatu. Baadaye wengine walileta ubishi, kwa sababu yai lililonyauka bila kutagwa nalo huweza kuacha kinundu, na ubishi huo una haki yake. Hata hivyo wale mabwana wa Muheza walikuwa wamefungua mlango.

Umri wa mbu ni suala la uhai kwetu. Kimelea cha malaria huhitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Mbu kijana anauma tu. Mbu mzee anaua. Ndiyo maana Taasisi ya Afya Ifakara imeendelea kutafuta njia ya haraka kuliko sindano na hadubini. Mwaka 2009 Valeliana Mayagaya na wenzake walionyesha kwamba mwanga usioonekana kwa macho, ulio karibu na wekundu, ukipitishwa kwenye mwili wa mbu unaweza kukadiria umri na spishi yake bila kumharibu. Mwaka 2022 Doreen Siria na wenzake, wakitumia mwanga wa aina nyingine pamoja na kompyuta zilizofundishwa kutambua mifumo, walichapisha katika Nature Communications njia ya kusoma umri wa mbu wa mazingira halisi. Mayagaya na Siria ni Watanzania, na kazi zao ziko mstari wa mbele duniani.

Sehemu ya pili ya kazi bado ni shamba lisilolimwa. Tumejifunza kusoma umri wa mbu ili tujue kama amebeba malaria. Tumefuatilia kwa uchache sana watoto wake. Fikiria kilichotokea katika jiji hili. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa kudhibiti malaria mijini ulituma wakazi wenyewe kukagua mazalia ya mbu mtaa kwa mtaa, na mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ikaanza kuwekwa katika kata tatu, Buguruni, Mikocheni na Kurasini. Vyandarua vyenye dawa navyo vikaenea. Chandarua huwaua zaidi mbu kadiri wanavyokwenda kuuma mara nyingi, maana yake huwapunguza wazee. Kizazi cha mbu kinachobaki huzaliwa kwa wingi na mama vijana. Je, watoto hao ni imara kuliko wa zamani, au kama kwa mbung'o, mama kijana sana huzaa dhaifu? Hili ni swali la kufanyiwa kazi Temeke, na wa kulifanya ni wa Temeke.

Yupo pia mbu wa mchana, Aedes aegypti, aliyetuletea homa ya dengue mwaka 2014, na Kinondoni ikaumia zaidi. Huyu anafundisha kwamba umri wa mama na umri wa yai ni vitu viwili. Jike akiwa na mayai yaliyokomaa halafu asipate maji, huyabeba tumboni mpaka mvua inyeshe. Mwaka 2023 Krithika Venkataraman, Leslie Vosshall na wenzao wa New York walitambua jeni mbili zinazomsaidia kufanya hivyo. Zikiondolewa, uwezo wa mayai yaliyosubiri kutoa watoto hushuka. Zingatia hapo: mama amezeeka, yai limesubiri, lakini mwili una namna ya kulilinda. Akishapata tairi au ndoo yenye maji hutaga kwenye ukingo juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukauka na kudumu miezi. Yai la mama aliyekufa zamani linaweza kuanguliwa wiki ya kwanza ya masika.

Mifano ya kinyume nayo ni lazima uijue mapema, isije ikakushangaza. Ndani ya kichuguu malkia wa mchwa huishi miaka mingi akitaga maelfu ya mayai kwa siku, kwa kuwa kaya nzima inamlisha na kumsafisha. Vidukari wanaoshambulia mchicha hufanya jambo gumu zaidi kulifikiria: jike huzaa bila dume, na tumboni mwake binti ambaye hajazaliwa tayari ana viinitete vya mabinti wake. Hali ya bibi leo inamgusa mjukuu moja kwa moja, kwa kuwa wote watatu wamo katika mwili mmoja.

Hatari kubwa ya kimbinu ninayotaka uanze nayo ni hii. Ukikusanya mama wazee na mama vijana siku moja ukalinganisha watoto wao, unaweza kudanganyika. Wanaofika uzeeni ni wale waliokuwa na nguvu tangu mwanzo, dhaifu walikwishakufa. Watoto wa wazee wanaweza kuonekana wazuri kwa sababu mama zao ni wateule. Dawa yake ni kumfuata mama yuleyule tangu yai la kwanza hadi la mwisho. Ni kazi ya uvumilivu, ndiyo maana wengi huikwepa. Tena usichanganye umri na idadi ya uzazi: aliyechelewa kupandwa ni mzee kwa siku lakini mzazi mpya. Umri wa dume nao uwe sawa kwa majike wote, la sivyo utamlaumu mama kwa kosa la baba.

Sasa ninakuomba kitu, hasa wewe mwalimu wa baiolojia na wewe mwanafunzi wa sekondari hapa Chamazi, Mbande au Mbagala. Kazi hii inaweza kuanza kwenye meza ya darasa. Tafuta kunde safi, uziweke kwenye friza kwa siku kadhaa ili mayai yaliyojificha yafe, kisha uziache zirudi kwenye joto la kawaida. Kutoka kwenye kunde zilizobunguliwa, chagua punje zenye duara hafifu kama dirisha chini ya ganda: humo mna mdudu aliye karibu kutoka. Kila punje iweke kwenye chupa yake, ili jike atoke akiwa hajakutana na dume. Mpe dume mmoja kijana. Kila siku kwa saa ileile mhamishie kwenye punje mpya, hadi afe. Hesabu mayai ya kila siku kwa lenzi. Baada ya siku kumi hivi hesabu yaliyogeuka meupe. Baada ya wiki tatu au nne hesabu wanaotoka na siku waliyotoka. Fanya hivyo kwa majike wengi kadiri unavyoweza. Kisha gawa majike wengine katika makundi mawili, kundi moja lipewe maji yenye sukari kidogo kwenye pamba, uone kama anayepata kipato cha ziada huzeeka sawa na anayekula akiba. Andika kila kitu kwenye daftari moja, pamoja na yale yaliyoharibika.

Sura zitakazofuata zitakuongoza kutoka daftari hilo hadi kwenye ovari ya mbu na tumbo la mbung'o. Lakini usizisubiri. Kunde ni rahisi, lenzi si ghali, na majike wa kwanza wanaweza kuwa wanatoka kwenye punje zao wiki hii.